Kujua Jina Si Kujua Maana

Msomaji kijana, mfikirie mtu ajuaye majina ya dawa zote zilizopangwa katika duka la mfamasia, lakini hajui hata moja hutibu maradhi gani. Ukimwuliza atakutajia chupa ya kwanza hata ya mwisho bila ya kukosea. Na ukiugua mbele yake, utakufa huku akizitaja. Hapana mtu atakayemwita mganga. Hata hivyo, katika madarasa yetu tumewazoeza vijana wengi kuwa kama mtu huyu katika mambo ya lugha. Wanajua kuwa hii ni tashbihi, ile ni sitiari, hapa pana tashihisi na pale pana kinaya. Wanayataja majina hayo kwa haraka na kwa usahihi, kisha wanafunga kitabu, na maana iliyokuwa ikiwangoja ndani ya maneno hubaki ndani ya maneno. Nalisema jambo hili kwa uchungu, kwa sababu mimi ni mwalimu, na sehemu ya lawama ni yangu.

Dai langu ni hili. Tamathali si mapambo yaliyotundikwa juu ya lugha kama shanga shingoni, ambazo zikivuliwa shingo hubaki ile ile. Tamathali ni fikra yenyewe. Mtu husema kwa mfano pale ambapo maneno ya kawaida yamepungukiwa na nguvu, au pale ambapo kusema wazi kuna hatari. Kwa hiyo asiyeweza kufungua mfano hunyimwa nusu ya urithi wa nyimbo na hadithi zetu. Tena huwa windo jepesi la kila mwenye ulimi mtamu.

Nitakusimulia lililonifundisha. Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa na daftari nene lenye orodha ya tamathali, kila moja na fasili yake na mfano wake mmoja. Nililibeba daftari hilo mpaka katika shule moja ya mitaa ya Eastlands, mashariki ya jiji la Nairobi, nikaanza kufundisha kama nilivyofundishwa. Wakati huo tulikuwa tukisoma hadithi ya Said Ahmed Mohamed iitwayo Tumbo Lisiloshiba, katika mkusanyiko uliochapishwa mwaka 2016 ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa kitabu teule cha shule za sekondari za Kenya. Katika hadithi hiyo, wakazi maskini wa mahali paitwapo Madongoporomoka wanaishi kwa hofu ya kuondolewa katika ardhi yao ili mji upate kupanuka. Siku moja jitu kubwa ajabu linaingia katika mkahawa wao na kula chakula chote kilichoandaliwa wateja.

Nikauliza, “Jitu hili ni tamathali gani?” Mikono ikainuka kama msitu. Mmoja akasema ni chuku, mwingine akasema ni jazanda, wa tatu akasema ni taswira. Na kila mmoja alikuwa na ukurasa wa kijitabu cha mwongozo wa kumshuhudia. Nikauliza tena, “Basi jitu hili ni nani?” Mikono yote ikashuka. Kimya kikatanda. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, ambaye katika mtihani wangu hakuwa amefaulu kutofautisha sitiari na jazanda, akasema polepole, “Mwalimu, mimi hilo jitu nimeliona. Lilikuja kwetu kabla ya jua kuchomoza. Lilikuwa na magurudumu ya chuma.”

Hapana aliyecheka. Katika darasa lile walikuwamo wengi walioelewa mara moja. Watu wa Eastlands hawahitaji kuambiwa tingatinga ni kitu gani. Mwezi wa Mei 1990 kijiji cha Muoroto kilibomolewa, na wazee wangali wakisimulia. Na mwezi wa Mei 2020, katikati ya maradhi ya korona, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa huko Kariobangi. Kijana yule hakujua jina la tamathali, lakini alijua maana yake. Wenzake walijua jina, na maana ilikuwa imewapita kama basi lipitalo kituo bila ya kusimama. Siku ile nililiona daftari langu nene kuwa jepesi sana.

Sikuandiki haya ili nikuambie kuwa majina ya tamathali hayana faida. Seremala anahitaji kujua jina la randa na jina la tupa. Lakini hapana aliyepata kununua meza kwa sababu seremala aliweza kutaja vifaa vyake. Jina ni mwanzo wa elimu, na mwanafunzi anayekomea kwenye jina amekomea mlangoni.

Tena jambo la kushangaza ni kwamba ufahamu huu unao tangu utotoni, kabla hujajua kuandika. Mtoto wa miaka sita akitegewa kitendawili, “Nyumba yangu haina mlango,” haendi kumtafuta fundi mwashi. Hufikiri, hugeuza, hutazama huku na huku, kisha husema, “Yai!” Akili yake imevuka kutoka kwenye ganda la maneno mpaka kwenye kiini. Mtoto huyu akifika kidato cha tatu, tumekwisha kumfundisha kuandika “hiki ni kitendawili” na kuweka kalamu chini. Je, hiyo ndiyo elimu, au ndiyo hasara ya elimu?

Watazame jirani zako. Mitaa unayopita kila siku imejaa mafumbo. Uko mtaa uitwao Bahati. Je, waliokuwa na bahati ni nani, na katika jambo gani? Uko mtaa uitwao Shauri Moyo, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka kijiji cha kale cha Pangani. Simama kidogo ujiulize: kwa nini makazi ya watu waliong'olewa walikozoea yaitwe kwa jina la shauri la moyo na si la mkono wala la kichwa? Ukishaliuliza swali hilo, hutapita tena mtaa huo kama ulivyopita jana.

Sikiliza pia maneno ya kazini na barabarani. Mafundi wanaofua masanduku na kuchomelea madirisha huitwa watu wa jua kali, kwa sababu walianza kazi bila ya paa juu ya vichwa vyao. Maneno hayo mawili yametaja jua, lakini yamesema habari ya umaskini, ya ustahimilivu, na ya mtu kujitegemea. Msanii mmoja wa mtaa wa California, huku huku Eastlands, alijiita Jua Cali. Katika jina hilo moja akakutanisha mtaa wake na jasho la mafundi hao. Na rushwa je? Hapana aombaye rushwa kwa jina lake. Huomba “kitu kidogo,” au huomba “chai.” Walimu huiita lugha hii tafsida, na wanafunzi huandika tafsida, wakapata alama yao moja. Lakini ni wangapi wamejiuliza kwa nini kitu kikubwa kama dhuluma kipewe jina dogo kama hilo? Jina limefanywa dogo ili aibu nayo iwe ndogo. Mwaka 2001 mwanamuziki Eric Wainaina aliimba wimbo uitwao Nchi ya Kitu Kidogo, na kwa kulipandisha jina hilo mpaka likawa jina la nchi nzima, aliirudisha aibu kwa ukubwa wake. Hivyo ndivyo msanii anavyoweza kulichukua fumbo lililotumiwa kuficha, akalitumia kufichua.

Wako watu wazima, na miongoni mwao walimu wenzangu, wasemao kwamba nyimbo za vijana wa mitaa ni makelele matupu yasiyostahili kuingia darasani. Mimi nawapinga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka, la vijana wa Dandora, lilitoa wimbo uitwao Tafsiri Hii. Tazama jina lenyewe. Dandora ndio mtaa uliobeba jaa kuu la taka za Nairobi, na kutoka huko vijana waliwaambia watu wote, walio juu na walio chini: tafsirini hii. Hawakukusudia maneno yahamishwe kutoka lugha moja hata nyingine. Walimtaka msikilizaji ayafungue maisha yaliyofungwa ndani ya maneno. Amri hiyo ndiyo ningependa iandikwe juu ya kila ubao wa darasa la fasihi.

Lakini wewe kijana nawe usifurahi upesi mno. Si kila fumbo lina heshima kwa sababu ni fumbo. Ziko nyimbo ambazo mafumbo yake hayafichi hekima, bali huficha matusi, na ukizifungua hukuti kitu ila uchafu uliofunikwa kwa kitambaa chembamba. Ufunguo ule ule unaofungua sanduku la dhahabu hufungua na pipa la taka. Basi fungua vyote, kisha uamue kwa akili yako nini cha kuweka na nini cha kutupa. Asiyeweza kufungua hana uwezo wa kuamua. Yeye huimba tu.

Sasa nitakupa visa viwili vya kweli uone kuwa jambo hili si la darasani peke yake.

Kisa cha kwanza kilitokea hapa Nairobi tarehe 16 Machi 1922. Harry Thuku, aliyekuwa akitetea haki za Waafrika dhidi ya kodi na kazi za lazima, alikuwa amekamatwa, na umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Viongozi wa umati walipotaka watu warudi majumbani, mwanamke mmoja aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru alisimama, akainua vazi lake, akawaambia wanaume walichukue vazi hilo, nao wampe yeye suruali zao. Watu wakasonga mbele, bunduki zikalia, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Hesabu rasmi ilitaja watu 21 waliokufa.

Nakuuliza: katika umati ule, alikuwapo mtu aliyedhani kwamba mama yule alihitaji suruali? La hasha. Hapana aliyekwenda kutafuta mwongozo. Wote walielewa kwamba amewaambia, “Kama uanaume ni ushujaa, basi nyinyi mmeuvua, na mimi nauvaa.” Angeyasema hayo kwa maneno ya kawaida, labda yangesikiwa na kusahauliwa. Aliyasema kwa mfano, na mfano ukawasukuma watu miguu. Mwandikie jambo hilo mwanafunzi wa orodha, naye atajibu, “Hiyo ni kejeli,” kisha atangojea swali linalofuata.

Kisa cha pili ni cha kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mwaka 1986 marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa uhamishoni, alitoa kwa Kigikuyu riwaya ya Matigari. Ni hadithi ya mpiganaji anayetoka msituni baada ya vita, akairudia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akaikuta imeshikwa na wengine. Anazunguka nchi nzima akiuliza ni wapi mtu anaweza kupata ukweli na haki. Katika maelezo aliyoyaandika kwa tafsiri ya Kiingereza, mwandishi amesimulia kwamba mapema mwaka 1987 taarifa za wapelelezi zilisema kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka akidai ukweli na haki, na amri ikatolewa akamatwe. Polisi wakagundua kuwa mtu huyo yumo kitabuni tu. Basi badala ya mtu kikakamatwa kitabu, kikaondolewa katika maduka.

Cheka, kwa maana ni haki yako kucheka. Lakini ukimaliza kucheka, jiulize wewe una tofauti gani na askari wale. Wao walilitafuta ganda barabarani. Wewe walitafuta katika mwongozo. Wao walitaka kumfunga pingu mtu asiyekuwapo; wewe wataka kumpa jina na kumfunga ndani ya mstari mmoja wa daftari. Nyumba ya Matigari ni nini? Kwa nini aliyeijenga analala nje? Maswali hayo hayana pingu, na ndiyo yaliyokitia kitabu hatarini.

Huenda ukasema, “Mwalimu, hayo ni ya zamani. Mimi yananihusu nini?” Yanakuhusu, kwa sababu mafumbo hayatungwi na watunzi wa nyimbo na hadithi tu. Wanasiasa nao ni mafundi wa kazi hiyo. Mara ngapi umesikia katika mkutano wa hadhara kwamba jamii fulani “haijapata kipande chake cha keki ya taifa”? Watu hupiga makofi. Hebu tulipime fumbo hilo kwa maswali manne, na maswali haya uyaweke moyoni kwa kila wimbo na kila hadithi.

Swali la kwanza: ni kitu gani kimefananishwa na kitu gani? Mali ya nchi imefananishwa na keki. Swali la pili: kwa nini kitu hiki na si kingine? Mali ingeweza kufananishwa na shamba, ambalo huna budi kulilima kabla ya kuvuna, au na kisima, ambacho kila mtu huteka na kila mtu hulinda. Lakini imechaguliwa keki, chakula cha sherehe, ambacho mlaji hakukioka. Swali la tatu: ni nani anayesema, mbele ya nani, na katika hali gani? Anasema mtu anayetaka kushika kisu, mbele ya watu wenye njaa, wakati wa kuomba kura. Swali la nne: picha hii inaonyesha nini, na inaficha nini? Inaonyesha kwamba mgawanyo si wa haki, na hilo laweza kuwa kweli. Lakini inaficha waliooka. Inamficha mama wa Gikomba anayefungua robota la mitumba alfajiri, inamficha fundi wa jua kali, inamficha mzazi wako. Inakufanya ujione mtu wa kungoja kipande, wala si mtu mwenye unga. Je, baada ya maswali hayo manne, utapiga makofi kama ulivyopiga mwanzo?

Hilo ndilo liitwalo kufahamu. Wahenga walikwisha kusema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Hawakusema mwerevu hulitaja jina.

Najua nitapingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza itatoka kwa wanafunzi wenye bidii na wazazi wao: mtihani unauliza majina, na asiyejua majina huanguka. Ni kweli kwamba mtihani huuliza majina. Lakini husema pia “eleza,” “fafanua,” “thibitisha,” na hapo ndipo wakaririo wanapoangukia. Aliyeielewa maana atalijifunza jina kwa dakika tano. Aliyelikariri jina aweza kukaa nalo miaka mitano asiipate maana. Basi ni yupi kati yao aliyejiandaa vizuri zaidi?

Hoja ya pili ni ya hila zaidi. Wengine husema, “Kama maana haimo katika mwongozo, basi kila msomaji na maana yake, na hapana aliyekosea.” Huo ni uvivu uliovaa joho la uhuru. Kijana wangu wa nyuma hakubahatisha aliposema jitu ni tingatinga. Alikuwa na ushahidi ndani ya hadithi: watu wanaotishwa kuondolewa, ardhi inayotamaniwa, na tumbo linalokula cha wengine bila ya kukinai. Angesema jitu ni maradhi ya malaria, ningemwomba anionyeshe mahali hadithi inapomruhusu, na asingepaona. Maana ya fumbo haifungwi katika jibu moja. Ziko pande nyingi za kulitazama jitu lile, na mwingine ataona ndani yake tamaa ya matajiri au serikali isiyojali. Lakini kila maana lazima isimame juu ya maneno ya mtunzi. Uhuru wa msomaji ni kama uhuru wa mbuzi aliyefungwa kamba ndefu: atakula majani mengi, ila kamba yenyewe imefungwa kwenye mti.

Basi, msomaji kijana, nakuomba jambo moja. Leo jioni, kabla ya kufungua kijitabu cha mwongozo, chukua wimbo mmoja uupendao, ule unaoimbwa katika matatu unayopanda kwenda nyumbani. Tafuta ndani yake neno moja ambalo halikutumiwa kwa maana yake ya kila siku. Liulize maswali yale manne. Usilipe jina mpaka limekujibu. Kesho fanya hivyo kwa hadithi, na keshokutwa kwa hotuba. Ukiona maana haitoki, muulize bibi yako, ama mzee wa mtaa. Wao walifumbiana mafumbo kabla hatujayapangia orodha.

Kijana yule wa nyuma alimaliza shule na kuondoka. Sijui alipata alama ngapi katika swali la tamathali. Lakini najua kwamba likija jitu jingine, hata likija bila ya magurudumu, likiwa limevaa suti na kuzungumza kwa upole juu ya maendeleo, yeye atalitambua kabla halijaketi mezani. Wenzake waliojua majina yote, naogopa, watalikaribisha chakula.